Sufuria Haiendi Matangani Peke Yake

Jumamosi, 18 Aprili. Kondele, Kisumu.

Asubuhi ilianza na jua kali. Sasa ni saa nane mchana na mawingu yameshajipanga juu ya ziwa, kama ilivyo kawaida ya mwezi huu. Mabati yetu yanangoja mvua. Mimi nangoja kesho.

Leo nitasema yote. Nimeapa. Nitasema hata yale niliyoyaacha siku ile nilipodai mbele ya shule nzima kwamba nimesema yote.

Kwa msomaji wa mtandaoni asiyenijua: naitwa Awuor, niko kidato cha tatu katika shule ya kutwa, na naishi na mama. Mama anauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Kondele. Hakuna anayemwita kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikozaliwa, na mama alizaliwa Port Victoria, kwa hiyo yeye ni Nyar Port, binti wa Port. Ukipita pale sokoni utalisikia jina hilo likirushwa kutoka meza hadi meza. Nyar Port, niazime mfuko. Nyar Port, mteja wako huyu anaondoka. Ni jina la upendo. Sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kuwa mlango ulioachwa wazi.

Mama ni mtunzaji wa sufuria.

Hicho ni cheo, usicheke. Kikundi chao ni cha wanawake kumi na wanane na kazi yake ni moja: mtu akifiwa, wanafika na sufuria, tenti, miiko na mikono yao. Sufuria zilikuwa kumi na mbili, zile kubwa za kupikia umati. Chini ya kila moja fundi alichora samaki mdogo kwa ncha ya msumari, ili zisichanganyike na za watu wengine. Kubwa kuliko zote inaitwa Dani, yaani nyanya au bibi kwa Kidholuo, kwa sababu ndiyo iliyonunuliwa kwanza na kwa sababu ya tumbo lake. Nilipokuwa darasa la nne niliwahi kuoga ndani ya Dani, na bado nafasi ilibaki.

Baba alipofariki nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka mambo machache tu, na mojawapo ni hili: kabla hatujajua tutawalisha nini watu waliojaa uani, Dani ilikuwa imeshafika na inachemka. Hakuna aliyetuuliza karatasi. Hakuna aliyetuuliza kitu. Mwaka uliofuata mama aliomba kuwa mtunzaji wa sufuria zile, na akapewa. Zimekaa kwenye kona ya chumba chetu cha mbele tangu wakati huo. Nimefanya kazi zangu zote za shule nikiwa nimeziegemea.

Mimi ndiye niliyezitoa.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi Machi. Mama alikuwa amekwenda stejini, kwenye kituo cha magari, kupokea mzigo wa omena kutoka Port. Mimi nilikuwa sakafuni na kitabu cha kemia. Pikapu nyeupe ikasimama mbele ya mlango, akashuka mwanamume wa umri wa kati, shati safi, kitambaa cheusi kimebanwa kifuani kwa pini. Kofia alikuwa ameishika mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hodi hapa. Ndio kwa Nyar Port? Waya yuko?"

Waya ni shangazi. Mtoto wa kaka yake mama ndiye humwita hivyo. Babu yangu wa upande wa mama alikuwa na wake wanne, kwa hiyo nina binamu wengi ambao sijawahi kuwaona na ambao wana haki ya kutokea mlangoni siku yoyote. Nilimkaribisha. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, kama mtu asiye na nguvu ya kukaa vizuri, akaniambia Mzee Ouma ametuacha. Mzee Ouma ni kaka mkubwa wa mama, ndiye humtumia omena.

"Alikuwa hospitali hapa Kisumu tangu juzi. Hatukutaka kumshtua waya. Sasa mwili tunapeleka nyumbani leo hii, watu washaanza kujaa, na hakuna kitu ya kupikia. Nimeongea na waya kwa simu. Amesema nichukue sufuria na tenti, yeye atatupata njiani."

Akapiga simu, akanipa. Upande wa pili mwanamke alikuwa analia. Mtandao ulikuwa mbaya. Nilisikia "mpe" na "mtoto wangu" na kilio. Nimejifunza tangu siku ile kwamba mwanamke anayelia kwenye mtandao mbaya ni mama wa kila mtu.

Simu yangu ilikuwa mezani. Hatua mbili.

Hapo ndipo watu huniuliza, na huniuliza wakiwa wametulia, wamekunywa chai: mbona hukumpigia mama? Jibu nililotoa shuleni lilikuwa hili, na ni la kweli. Kumpigia mama mbele ya mtu yule kungekuwa kumwambia mfiwa, lete maiti nione. Kwetu mtu akija amefiwa huanzi kwa kumchunguza. Unaanza kwa kulia naye. Nililia. Nilimlilia mjomba wangu kwa machozi yangu halisi, huku nikibeba sufuria moja baada ya nyingine hadi kwenye pikapu.

Lakini jibu hilo ni nusu. Nusu ya pili, hadi leo mchana, sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na ndiyo sababu nimeapa.

Alinisifu.

Aliangalia kitabu changu cha kemia, akaangalia jinsi nilivyompa maji kwa mikono miwili, akasema, "Waya amekulea. Wasichana wa Kisumu siku hizi wangeanza kuniuliza maswali kama polisi." Nikajisikia mrefu. Tangu hapo nisingeweza kuuliza swali hata moja bila kuwa mmoja wa wale wasichana. Aliyajua hayo kabla yangu. Adabu yangu alinivika yeye, kisha akanifungia kwayo. Nilimwongezea hata gunia la makaa ambalo hakuliomba.

Mama alirudi saa kumi. Aliweka mzigo chini, akaangalia kona.

"Sufuria ziko wapi?"

"Zimetangulia matangani, mama. Pole."

"Matanga ya nani?"

Nilipotaja jina alikaa chini palepale mlangoni. Hakulia kwanza. Alimpigia mke wa Mzee Ouma, na aliyeipokea simu ni Mzee Ouma mwenyewe, mdomo umejaa chakula. Mama alikuwa amewasha spika bila kukusudia, nikasikia kila neno.

"Nimekufa?" mjomba akasema. "Saa ngapi? Ngoja nimalize kula kwanza, basi."

Halafu aliposikia habari yote akauliza kwa upole, "Hata Dani wamebeba?"

Hata Dani.

Baadaye nilielewa jinsi ilivyofanyika, na hakuna uchawi ndani yake. Jina la mama linarushwa sokoni kutwa nzima, na linamwambia kila mpita njia alikozaliwa. Jina la mjomba mama hulitaja kila asubuhi kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na soko. Sufuria za kikundi kila mtu amekula kutoka kwazo, na anajua zinalala kwa nani. Mtu akisimama pale siku mbili akinunua omena ya kuonja, anaondoka na ukoo mzima mfukoni.

Mwenyekiti wa kikundi ni Mama Salome. Ana duka la vitambaa, na ana sauti inayofanya watu waketi. Alikuja siku ileile, akasikiliza, kisha akatoa amri moja. Neno hili lisitoke.

"Tutachekwa mpaka Ahero," alisema. "Kikundi cha mama wazima, kumaliziwa sufuria na mtoto wa shule. Nyar Port, funga huyu mtoto yako mdomo. Tutanunua zingine pole pole."

Mama akanitazama. "Umesikia."

Nilisikia. Nilinyamaza wiki mbili. Nilidhani kunyamaza ni adhabu yangu na nilitaka kuimaliza vizuri, kama ninavyomaliza kila kazi.

Kisha akafariki baba mkwe wa mmoja wa wanawake wa kikundi, na kifo hicho kilikuwa cha kweli. Nilikwenda na mama kusaidia kuosha vyombo. Watu walikuwa wengi na sufuria zilikuwa tatu, za kuazima, na chakula kilichelewa hadi wazee wakaanza kuondoka. Nikamwona Mama Salome ameshika mikono ya mjane, anamwambia, "Sufuria zetu ziko kwa fundi, zinatengenezwa." Mjane akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu anayeamini, kama nilivyokuwa mimi.

Nilisimama pale na sahani ya sabuni mkononi nikaona kitu ambacho sitaweza kuacha kukiona. Mtu yule alidanganya mlango mmoja, mara moja. Sisi tulikuwa tunaiendeleza kazi yake bila malipo. Na mahali fulani katika mji huu kulikuwa na kona nyingine yenye sufuria, na msichana mwingine mwenye adabu, ambaye hakuna aliyemwambia.

Sikumwomba mama ruhusa. Nakiri, kwa kuwa leo nakiri yote. Nilimwomba mwalimu wetu wa Kiswahili dakika tatu kwenye gwaride la asubuhi. Alidhani nataka kusoma shairi.

Nilisimama mbele nikasema. Pikapu nyeupe, kitambaa cheusi, kofia mkononi, waya yuko, mwili unapelekwa leo, ongea naye kwenye simu. Nilisema maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu niliona kwamba maneno ndiyo silaha aliyoacha nyumbani kwetu. Katikati ya gwaride mtu akacheka. Kisha wengi. Kufikia mapumziko ya saa nne nilikuwa na jina jipya.

"Sufuria, umelisha nani leo?"

"Sufuria, mjomba wangu pia amekufa, nipe kijiko."

Siku ya kwanza nililia chooni. Siku ya pili nikaamua kuitika. Ukiniita Sufuria naitika, nakuuliza, "Nyumbani kwenu kuna kikundi? Umemwambia mama yako?" Wengi waliacha kucheka hapo, kwa sababu hawakuwa wamewaambia, na jioni wakawaambia. Kila msichana alibeba kisa changu hadi kwao pamoja na vitabu vyake.

Naibu wa mwalimu mkuu aliniita akanipongeza, akasema funzo ni kwamba mjini usimwamini mtu. Nilimshukuru. Sikukubaliana naye. Sikukubaliana naye siku ile na sikubaliani naye leo.

Nyumbani hakukuwa na pongezi. Habari zilifika kwa Mama Salome kabla sijafika nyumbani. Mama aliniuliza swali moja tu, "Nilikuambia nini?" na tangu siku ile akawa anaongea nami kwa maneno ya lazima. Chakula kiko hapo. Funga dirisha. Kikundi kiliitisha mkutano kuamua kama mama aendelee kuwa mtunzaji. Mkutano huo ni kesho, baada ya kanisa. Mama alikuwa ameshaanza kuwaambia watu, kwa utulivu unaoumiza, kwamba yeye ataachia tu, sufuria zenyewe haziko, atatunza nini.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi juzi, Alhamisi.

Alhamisi jioni alifika kwetu Mama Njeri. Binti yake Njeri ni mwenzangu wa dawati. Mama Njeri anauza viazi pale Mamboleo. Alikuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa mchanga kuliko nilivyo mimi sasa, na Kidholuo chake kina kasi kuliko changu. Kwa kuwa ana stoo kubwa ya viazi, kikundi cha wanawake wa huko kinaweka sufuria zake kwake. Aliingia bila hodi, akaketi, akavua viatu, akacheka mpaka akashika mbavu. Mama alimwangalia kama mtu aliyepotea njia.

"Nyar Port," alisema, "leo nimefiwa."

Kisha akatusimulia, na mimi naandika kama alivyosimulia.

Alikuwa anapanga viazi. Pikapu ikasimama. Akashuka mtu, shati safi, kitambaa cheusi, kofia mkononi. Akamlilia habari za kifo katika familia ya Akoth, mmoja wa wanawake wa kikundi chao. Akoth mwenyewe ameshatangulia nyumbani Seme, ametuma sufuria na tenti zichukuliwe, huyu hapa kwenye simu.

"Mimi nikamwangalia tu hiyo kofia," Mama Njeri alisema. "Nikasema kwa roho, ndio huyu. Ndio huyu wa Sufuria."

Hakupiga kelele. Hapo ndipo ninapomvulia kofia yangu mimi. Angepiga kelele ya mwizi pale Mamboleo, sote tunajua nini kingetokea, na angekufa mtu kweli. Alimpa pole. Alitoa leso akafuta macho. Kisha akageukia meza za wenzake akaita:

"Akina mama, tumefiwa. Vaeni aproni."

Wakaja. Tisa, kila mmoja na mwiko wake. Walikuwa wamesikia kisa kwa Njeri jioni ileile nilipokisema, na walikuwa wamekubaliana. Wakapakia sufuria mbili, kisha wakaanza kupanda wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakivutana mikono.

"Hapana mama zangu, msijisumbue," mtu yule akasema. "Wapishi wako huko wengi."

"Wapishi wako, sufuria haiko?" Mama Njeri akamuuliza. "Walikuwa wapike na nini, na kofia yako?"

"Ni mbali, mama. Na kutanyesha."

"Matanga ni mvua, baba. Panda twende. Unataka kulia peke yako kama mchawi?"

Wakaanza wimbo wa msiba. Dereva wa pikapu akaondoa gari. Mtu yule alikaa katikati yao, akiwa ameshikwa bega na huyu, amepewa leso na yule, na Mama Njeri anasema jasho lilimtoka kama mtu aliyeketi ndani ya sufuria yenyewe. Walimuuliza marehemu alikuwa na watoto wangapi. Akasema watano. Baada ya ubeti mmoja wakamuuliza tena. Akasema saba. "Wanazaliwa tukiwa njiani," akasema mama mmoja, na wakaendelea kuimba.

Penye makutano, gari lilipopunguza mwendo, alisema anataka kushuka anunue maji. Alishuka. Alitembea hatua tatu kama mfiwa, kisha akakimbia kama mtu mzima wa afya. Kofia ilibaki kwa Mama Njeri.

"Hatukufukuza," alisema. "Ya nini? Tulikuwa na dereva."

Dereva alikuwa amekodiwa tu, na alijibu kila alichoulizwa. Ndiyo, aliwahi kumbeba, mwezi uliopita, kutoka Kondele. Sufuria nyingi na tenti.

"Na hukushangaa huyu mtu anafiwa kila mwezi?" Mama Njeri akamuuliza.

"Mama," dereva akamjibu, "Kisumu hii, nani hafiwi kila mwezi?"

Mama Njeri alipofika hapo aliacha kucheka.

Walikwenda na dereva kituoni wakaandikisha ripoti, na askari mmoja akafuatana nao hadi uwanja wa mtu anayenunua vyuma chakavu. Mwenye uwanja alisema aliuziwa na mtu aliyedai kikundi chake kimevunjika. Tano zilikuwa zimeshapondwa. Tenti haikuonekana. Sita zilikuwa zimelala ukutani, zimegeuzwa juu chini, na kwenye kila moja samaki mdogo. Dani, ya saba, ilikuwa pembeni peke yake, imejaa chokaa ya kupaka ukuta.

Saba kati ya kumi na mbili zimerudi. Huyo mtu hajakamatwa. Siandiki hapa kusema kwamba tulishinda.

Naandika kwa sababu ya kesho.

Mama Salome ametangaza sheria mpya anayotaka kuipitisha. Kuanzia sasa sufuria hazitoki bila kibali cha mazishi na barua ya chifu. Watu wazima wengi wanaiona ni busara. Mimi nikiifikiria namwona mama yangu mwaka ule, ameketi chini uani, na wageni wanaingia, na kibali cha baba bado kiko kwenye dawati la mtu aliyekwenda likizo. Kilipatikana baada ya siku nne. Dani ilifika jioni ya siku ya kwanza. Sheria ile ingekuwepo wakati ule, tungelia na njaa, na wageni wetu pia.

Mwizi ameshachukua tano na tenti. Sitaki tumpe na desturi hii.

Nilimuuliza mama mmoja mzee wa kikundi jinsi walivyofanya zamani, kijijini, kabla ya masoko na simu. Alinishangaa. Alisema sufuria haikuwahi kwenda matangani peke yake. Ilikwenda kichwani kwa mwanamke, na mwanamke alikaa nayo, akapika, akalia, akaiosha, akarudi nayo. Ni huku mjini tulipokuwa na shughuli nyingi ndipo tulipoanza kutuma vyombo na kubaki sokoni. Tulituma sufuria badala ya sisi wenyewe. Mtu yule aliona nafasi hiyo kabla yetu, akaingia.

Kwa hiyo kesho nitaomba kusema, na nitasema hivi. Atakayefiwa apewe sufuria saa hiyohiyo, bila karatasi. Lakini ziende na watu. Wawili wakikosekana, aende mmoja. Aliyefiwa kweli atashukuru kuona mikono zaidi. Anayetaka sufuria bila wapishi hana maiti. Na nitaongeza jambo la pili, kwa wasichana wanaobaki nyumbani kama mimi: mpigie mama kwa simu yako, kwa namba uliyonayo wewe, mbele ya yeyote. Anayekusifu kwa kutouliza, muulize mara mbili. Adabu haijawahi kumkataza mtu kumpigia mama yake.

Najua watasema, huyu ndiye aliyezitoa. Ndiyo. Ni mimi. Ndiyo maana najua.

Leo mchana, kabla sijaanza kuandika, mama alikuwa uani anaisugua Dani kwa majivu na mchanga. Chokaa ilikuwa imegandia ndani na haikutaka kutoka. Alikuwa ameingiza nusu ya mwili wake tumboni mwa ile sufuria na nilikuwa naona mgongo tu. Nikamsikia anaita kutoka ndani, sauti ikivuma.

"Sufuria, lete maji."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akatoa kichwa. Uso wake ulikuwa mweupe wa chokaa na alikuwa anajizuia kucheka.

"Si ndio jina yako siku hizi? Lete maji. Na hiyo maneno ya kesho uandike vizuri, Salome anapenda kukata mtu akiongea."

Nilileta maji. Tulisugua pamoja, yeye ndani, mimi nje. Nilimwambia ile nusu ya pili, ya kusifiwa. Aliendelea kusugua.

"Hata mimi angenisifu," alisema, "ningempa na omena."

Matone ya kwanza yameanza kugonga mabati. Dani imegeuzwa juu chini uani, inaoshwa na mvua, samaki wake anaangalia mbinguni.

Sasa wewe. Wewe mwenye kitambaa cheusi. Najua una simu, na najua habari za Kisumu zinakufikia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yako. Kofia yako iko Mamboleo, imetundikwa kwenye stoo ya viazi, kila mtu anaiona. Sina tusi kwako. Nina swali moja, na nafasi ya maoni iko hapa chini, wala huhitaji kuandika jina.

Una mama, au ulikuwa naye. Iko siku utafiwa kweli. Watu watajaa uani kwenu, na hakutakuwa na kitu cha kupikia, na utatoka kwenda kugonga mlango, macho mekundu, na safari hiyo machozi yatakuwa yako.

Utagonga mlango wa nani?